Diski ya Bi Kuruthumu

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mwenyewe Bi Kuruthumu atakiri kwa niaba yangu, na yeye akisimulia jambo huongeza chumvi mpaka msikilizaji anaomba maji. Kompyuta inayoendesha mashine yake ya kudarizi niliifuta mimi. Haikuwa imekufa. Ilikuwa nzito tu, inachelewa kuamka, kama mtu mzima anayetafuta miwani nyumba nzima kumbe kaivaa. Mimi nikasimama mbele yake Alhamisi saa nne asubuhi, mikono kiunoni, nikatoa hukumu.

"Bi Kuruthumu, hii tunafuta yote, tunaweka upya. Saa moja tu."

"Saa moja ya saa, au saa moja ya fundi?"

"Ya saa, mama yangu."

Saa moja hiyo ilianza Alhamisi, na Ijumaa asubuhi ilikuwa bado haijaisha.

Ofisi yake iko ghorofa ya kwanza, Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka la vyombo vya plastiki. Ndani kuna mashine kubwa kama kitanda, inaandika majina kwenye majoho, nembo kwenye masweta ya shule na maua kwenye mashuka ya harusi. Mashine yenyewe haijui kusoma. Inasomewa na kompyuta. Na kompyuta inaelewana na mashine kwa njia moja tu: ile diski ya CD iliyokuja nayo ndani ya kreti, yenye Windows XP na programu za mashine zikiwa zimefungwa pamoja. Kampuni iliyoitengeneza ilishafunga milango zamani. Nimeitafuta mtandaoni mpaka simu ikapata joto, sikupata hata kivuli chake. Diski ni hiyo moja, haina pacha. Isiposomeka, mashine inabaki kuwa meza ya chuma ya kuwekea birika.

Na Bi Kuruthumu hawezi kurudi kwenye sindano ya mkono. Alidarizi kofia kwa mkono tangu usichana wake, mpaka viungo vya vidole vikavimba vikagoma. Mashine ndiyo ikawa vidole vyake. Ikifa hiyo, na kazi yake imekufa, na aliyeiua ni mimi, Ansbert, mbele ya mashahidi.

Mashahidi walikuwa majoho arobaini na nane ya chekechea, madogo kama ya wanasesere, yamepangwa juu ya meza yakisubiri kuandikwa majina kifuani. Mahafali ni Jumamosi asubuhi, shule iko upande wa Mchikichini, na mwalimu wao, Joyceline, angekuja kuyachukua Ijumaa saa moja jioni. Kila jina linakula dakika tano. Piga hesabu mwenyewe: ikifika saa tisa alasiri mashine haijaanza kushona, kuna watoto watakaopanda jukwaani bila jina.

Sasa mtu anaweza kuuliza, huyu Ansbert ni fundi wa wapi? Ni fundi wa Kariakoo, na Kariakoo ndiyo iliyonisomesha, na ada yake ilinitoa jasho. Nilishuka kutoka Rombo nikauza soksi mkononi. Nikapanda cheo, nikanunua laptop yangu ya kwanza kwa kijana mmoja mwenye haraka, imefungwa vizuri na nailoni, nikaenda kuifungulia chumbani kwa heshima zote. Ilikuwa kigae cha sakafu. Kigae kizuri tu, cha maua. Nilikaa nacho miaka miwili nakitumia kuwekea jiko. Tangu hapo nikajifunza kompyuta kwa kuziharibu, kwanza zangu, halafu za watu, mpaka zikaanza kupona zenyewe kwa huruma.

Nikawa na duka, na nikawa na stika. Stika kwa fundi wa Kariakoo ni kama muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukiibandika, mteja hawezi kukuletea kitu cha duka la jirani akadai ni chako, na kila anayepita anaona jina lako. Zangu za njano, nene, za kung'aa, haziingii maji: ANSBERT KOMPYUTA, KAZI SAFI. Nazibandika kila mahali. Kuna bodaboda aliwahi kunisubiri dukani dakika kumi, akaondoka na stika kwenye helmeti bila kujua.

Basi Alhamisi nzima niliichomeka ile diski, ikaanza kunakili mafaili vizuri, halafu ikasimama. Kioo kinasema faili fulani halisomeki. Rudia, au ruka, au acha. Nikarudia. Ikasimama. Nikaruka. Ikaendelea kidogo, ikasimama tena. Nikaruka tena. Nilivyofika mwisho wa kuruka, kompyuta ikawaka, ikaonyesha kioo cha bluu, ikazima. Nikarudia yote, na kioo kile kile kikaja, cheusi safari hii kwa kubadilisha ladha.

Ijumaa saa tatu asubuhi nikameza kiburi, kikapita kwa shida, nikaenda kumwita Swaumu.

Swaumu ana meza yake chini ya ngazi za jengo moja Mtaa wa Aggrey. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa mjini hasa, kazaliwa mtaa wa Gerezani, na kwa miaka mitano nilikuwa namwita Daktari wa Vumbi kwa sababu kila kompyuta anayoletewa huanza kwa kuifungua na kuipuliza. Nilimkuta anapuliza.

"Dada Swaumu, mambo?"

"Poa, Mangi. Leo umekuja bila kelele. Nani kafa?"

Mangi ndilo jina la kila Mchaga hapa mjini. Nikamweleza. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Alichukua kimkoba chake na daftari la shule la kurasa arobaini, akafunga meza, akanifuata.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutibu au kuosha maiti?"

"Nimekuja kuangalia kwanza, bibi."

"Mwenzio hakuangalia. Alikuja na shoka."

Nikajifanya nasoma kalenda ukutani.

Swaumu alivuta kiti, akanigeukia. "Ilikwama wapi?"

"Katikati."

"Katikati ya wapi?"

"Dada, katikati ni katikati. Kuna katikati ngapi?"

"Na ilipokwama ulifanya nini?"

"Niliruka."

"Mafaili mangapi?"

"Kama... kumi na saba."

Alinitazama kama mtu aliyeniona nikivuka barabara ya Msimbazi nimefumba macho. "Umepika pilau, Mangi, ukaruka mchele. Halafu unashangaa watu hawashibi."

Bi Kuruthumu alicheka mpaka ushungi ukateleza.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kuona kazi. Mimi hukimbilia bisibisi. Yeye alifungua daftari. Akaanzisha usakinishaji upya, bila kuruka kitu, akakaa anatazama asilimia kama anayesubiri maziwa yachemke. Ikakwama asilimia ishirini na tatu. Akaandika. Akazima, akaanza upya. Sitini na moja. Akaandika. Akaanza tena. Thelathini na nane.

"Unacheza bahati nasibu?" nikamwuliza.

"Diski ikiwa na mkwaruzo, inakwama pale pale kila siku. Shimo la barabarani halihami. Hili linahama." Akapiga mstari chini ya zile namba tatu. "Kwa hiyo tusipoteze muda na mikwaruzo."

Mimi, ambaye usiku uliopita nilipoteza muda mwingi sana na mikwaruzo, nikakohoa. Ikabidi niseme. "Niliisafisha na dawa ya meno."

"Dawa ya meno?"

"Kidogo tu. Ya mdalasini."

"Kumbe," akasema Bi Kuruthumu. "Nami nasema humu ndani mbona pananukia kama mtu anatarajia wageni."

Swaumu akatoa memori ya kompyuta, akaweka nyingine kutoka kwenye mkoba. Ikakwama hamsini na mbili. Akaandika: si memori. Akanituma dukani kwangu nikalete draivu ya diski iliyo nzima. Ikakwama kumi na tisa. Akaweka ya kwake. Ikakwama arobaini na nne. Halafu akachukua diski nyingine kabisa, ya kwake, akaisoma kwenye zile draivu zote tatu, moja baada ya nyingine, na zote zikaisoma mpaka mwisho bila kukohoa.

"Draivu ni nzima," akasema. "Ugonjwa uko kwenye diski."

Akaiinua dirishani, upande wa chini ukimwelekea. Iling'aa kama kioo cha kinyozi. Hakuna mkwaruzo wa maana, hakuna alama ya kidole, hakuna fangasi. Ilikuwa saa tano na nusu. Bi Kuruthumu alikuwa ameacha kutania. Alikaa pembeni ya mashine, mkono juu ya kifuniko chake, kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kama haiwezekani niambie sasa. Nimpigie mwalimu, na hii mashine nijue moja."

"Bado, bibi. Sijafika mwisho wa maswali." Akanigeukia. "Kaka Ansbert. Diski hii imewahi kufanya kazi?"

"Sana. Mwaka juzi niliiwekea kompyuta hii hii kwa diski hii hii. Ilipita kama maji."

"Na tangu siku ile nini kimebadilika?"

"Hakuna. Ilikaa kwenye kasha lake, kabatini."

"Ilipomaliza kupita, siku ile, ulifanya nini?"

"Nilienda kula."

Akairudisha diski kwenye draivu na kuinamisha sikio juu ya kompyuta. Hapo tukapata tatizo jingine. Chini dirishani kulikuwa na spika tatu za wauza nguo, kila moja inajitahidi kuizika mwenzake. "Elfu tatu tatu! Mama simama! Gauni la Dubai, elfu tatu!" Ukijumlisha honi na mikokoteni, hata mawazo yako mwenyewe ulikuwa huyasikii.

Swaumu akakaa wima. "Tusubiri."

"Tusubiri nini? Saa zinaenda!"

"Ijumaa."

Nikadhani ameishiwa, anataka tumwachie Mungu. Nikanyamaza kwa adabu. Akachukua daftari akaanza kuchora kitu. Saa sita na nusu ikafika, adhana ikapanda kutoka misikiti ya huku na huku, na pale chini jambo likatokea ambalo nimelisikia kila Ijumaa kwa miaka kumi na saba bila kulitia akilini: spika moja ikazimwa. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Wanaume wakatandika mikeka mpaka barabarani, mikokoteni ikasimama. Kariakoo ikanyamaza. Kweli kabisa, ukasikia kunguru anatembea juu ya bati.

"Sasa," akanong'ona Swaumu. "Mangi, usipumue kwa nguvu."

Akawasha. Sisi watatu tukainamia ile kompyuta kama watu wanaosikiliza redio ya vita. Diski ikaanza kuzunguka, sauti laini, ssss, namba zinapanda. Kumi. Kumi na tano. Halafu ikaongeza mwendo, na chini ya ule mlio mwembamba nikasikia mwingine, mzito, vuu, vuu, vuu. Kahawa ndani ya kikombe cha Bi Kuruthumu, kilichokuwa juu ya boksi la kompyuta, ikaanza kufanya vimiduara. Swaumu akakinyooshea kidole. Vimiduara vikazidi. Ishirini na saba. Ikakwama.

Alitabasamu. Siku nzima sikuwa nimeliona lile tabasamu.

"Inatingishika," akasema. "Ikienda polepole inasoma vizuri. Ikishika kasi inatingishika, na ile taa inayosoma inapoteza mstari. Ndiyo maana inakwama popote inapojisikia."

"Umejuaje?"

"Baba yangu, mzee Sadalla, alikuwa anabalansi matairi pale Gerezani. Hiyo vuu-vuu ndiyo iliyonibembeleza nikiwa mchanga. Tairi lina uzito upande mmoja, mjini kwa mwendo mdogo hulijui. Ukishika barabara ya Morogoro usukani unakutoka mkononi." Akaitoa diski. "Sasa diski nyembamba hivi inabeba uzito gani?"

Akaigeuza upande wa juu, ule tuliouona asubuhi nzima bila kuutazama.

"Kaka Ansbert."

"Naam."

"Hii nini?"

Ilikuwa ya njano, nene, ya kung'aa, haiingii maji. Imekaa upande mmoja karibu na ukingo, imepinda kidogo, kwa sababu siku ile nilikwepa kuziba maandishi ya kiwandani. ANSBERT KOMPYUTA, KAZI SAFI.

"Hiyo..." nikasema. "Hiyo ni tangazo."

"Uliibandika lini?"

"Niliporudi kula."

Bi Kuruthumu hakucheka. Alifunga macho, akasema, "Ya Rabi, nipe subira na huyu Mchaga," na mimi nikaitikia amina, maana nilihisi naihitaji zaidi yake.

Nikanyoosha ukucha haraka niibandue, tumalize aibu. Swaumu akanipiga kofi la mkono ambalo bado nalikumbuka.

"Acha! Unajua mafaili yako upande gani?"

"Chini. Huku kunakong'aa."

"Yako juu. Huku unakobandika. Ni utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umefunikwa na rangi tu. Ukivuta stika unaondoka nao. Umeshawahi kubandua moja ukaona inatoka na vipande vya fedha?"

Nimewahi. Mara nyingi. Nilikuwa nadhani ni gundi nzuri.

"Sasa tufanyeje?" akauliza Bi Kuruthumu. "Haibanduki, haisomeki. Ndiyo basi?"

Hapa naomba msomaji akae vizuri. Mimi nimewaona mafundi. Nimewaona wanaolipwa kwa dola, wanaokuja na masanduku ya magurudumu. Lakini kile alichofanya yule dada kwa vitu vilivyokuwa juu ya meza ya mshonaji, sijakiona popote.

"Bibi, una rili ya uzi iliyokwisha?"

Akapewa. Akajaribu tatu mpaka akapata moja inayoingia kwenye tundu la diski ikabana bila kulegea. Akaomba sindano ndefu ya kufumia, akaipitisha katikati ya rili, akaishika kwa mlalo, ncha huku na ncha huku. Diski ikasimama wima kama gurudumu la baiskeli lililoinuliwa. Akaisukuma kwa kidole. Ikazunguka, ikapunguza, ikarudi nyuma kidogo, ikatulia. Jina langu likiwa chini, miguu juu. Akaisukuma tena. Ikazunguka, ikatulia. Jina langu chini. Mara ya tatu, kwa nguvu zaidi. Ikazunguka kwa muda, nikaanza kupata matumaini.

Jina langu chini.

"Lina uzito kweli hili jina," akasema Bi Kuruthumu.

"Mangi, una stika nyingine?" Swaumu akauliza.

Swali gani hilo. Nilikuwa nazo bunda zima mfuko wa shati. Nikampa. Akaweka moja upande wa pili, kinyume kabisa cha ile ya kwanza, bila kuikandamiza. Akasukuma. Sasa upande wa pili ukashuka, maana ile ya zamani ilikuwa imechakaa kona. Akaibandua upesi kabla haijashika, akachukua mkasi mdogo wa Bi Kuruthumu, akakata ukingo mwembamba kama ukucha. Akasukuma. Bado. Akakata tena, safari hii uzi tu, na herufi ya mwisho ya neno SAFI ikaenda nayo. Akasukuma.

Diski ikazunguka, ikapunguza, ikasimama, jina langu likiwa kushoto na jina langu likiwa kulia. Akasukuma tena. Ikasimama nikiwa juu na chini. Akasukuma mara ya tano, ya sita, na kila mara ikasimama popote ilipochokea, haina upande inaoupenda. Ndipo akaikandamiza stika kwa kidole gumba, taratibu, kutoka katikati kwenda nje.

Sala ilikuwa inaelekea mwisho. Akairudisha diski kwenye draivu. Tukainama. Ssss. Ikaongeza kasi. Ssssss. Ikaongeza tena. Kahawa kwenye kikombe ilitulia kama imegandishwa. Thelathini. Hamsini. Mimi nilishapiga makofi nikiwa hewani, na yeye akabonyeza kitufe, akasimamisha kila kitu.

"Unafanya nini?" nikapiga kelele. "Si inakubali!"

"Inakubali sasa hivi. Gundi ikilegea kesho je?" Akatoa laptop yake na flashi mbili. "Kwanza tunanakili diski nzima. Mara mbili. Halafu ndiyo tunasakinisha."

"Saa saba na robo, dada!"

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia usipumue kwa nguvu, unanichelewesha."

Mimi ningesakinisha. Nasema kweli yangu. Ningesakinisha kwa furaha, nikapiga picha, nikaiweka mtandaoni, na diski ingerudi kabatini kusubiri kufa peke yake. Yeye, na saa inamkimbia, na spika zimeshaanza tena kupiga kelele kule chini, alikuwa anafikiria mwaka ambao sisi hatujaufikia. Wakati inanakili, wale wawili wakaswali adhuhuri kwa zamu nyuma ya rafu ya nyuzi, na mimi Mkristo wa watu nikawekwa lindo la asilimia. Niliilinda kama benki. Ikafika mia. Akaifananisha nakala na diski, faili kwa faili, zikalingana. Flashi moja akampa Bi Kuruthumu. Ya pili akaiweka kwenye bahasha, akaandika juu tarehe na jina la mashine, akasema iwekwe nyumbani, isilale jengo moja na mwenzake.

Ndipo akasakinisha. Saa nane kasoro dakika kumi. Hatukukaa kimya, Bi Kuruthumu alitoa visheti, akaanza kumwuliza Swaumu ukoo wao wa Gerezani, na kama kawaida ya watu wa hapa wakakuta kuna shangazi aliyecheza ngoma ya lelemama na bibi. Namba zikapita pale zilipokwama Alhamisi, na pale zilipokwama asubuhi, moja baada ya nyingine, kama gari inayopita vituo bila kushusha. Kompyuta ikajizima, ikawaka. Kioo hakikuwa cha bluu wala cheusi. Programu ya mashine ikafunguka, ikauliza kwa adabu kama kuna mashine karibu.

Saa tisa kasoro dakika nane, Bi Kuruthumu akalivisha joho la kwanza kwenye fremu. Vidole vyake vilivyovimba vikaandika jina kwenye kibodi, herufi moja moja. Akabonyeza. Mashine ikatikisika kidogo, sindano ikashuka, na uzi wa dhahabu ukaanza kutembea juu ya kitambaa cha buluu. AMIRA. Alipolitoa, alipitisha kidole juu ya herufi, kwenda na kurudi. Kisha akaushika mkono wa Swaumu, akaugeuza kiganja juu, akautazama kama mtu anayetazama kitambaa cha bei.

"Mkono huu," akasema. "Kama si mtoto wa watu ningeuomba ubaki hapa."

Swaumu akaona haya. Akakusanya vitu vyake, akaniambia nisiisogelee kompyuta ile mpaka mahafali yaishe, na afadhali mpaka watoto wale wamalize chuo kikuu. Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi.

"Dada Swaumu," nikasema, "miaka mitano nakuita Daktari wa Vumbi."

"Na?"

"Hiyo ya vumbi naitoa."

"Acha tu, nimeizoea," akasema. "Lakini Jumatatu saa mbili njoo mezani kwangu na daftari. La kurasa arobaini linatosha kwa kuanzia." Akashuka, akapotea katikati ya magauni ya Dubai.

Mimi sikuruhusiwa kuondoka. Bi Kuruthumu alinipa mkasi na kigoda, nikakata ncha za nyuzi nyuma ya kila jina. Khalfani. Evelyn. Beno. Angelina. Kazi ya adabu, ukiifanya vibaya jina linafumuka kifuani kwa mtoto. Saa kumi na moja tulikuwa tumevuka nusu. Na mkono ukiwa unafanya kazi akili inapata nafasi, na akili yangu ikaanza kuhesabu. Nimebandika diski ngapi mjini hapa? Na wangapi walirudi kwangu wakilalamika, "Ansbert, hii diski mbona haisomi," nami nikawaambia kompyuta zao ndizo mbovu?

Nikachukua simu. Nikaanza na Kasmir, mwenye stoo ya mbegu kule Jangwani, ambaye alinilalamikia mwaka mzima.

"Kasmir, ile diski niliyokuuzia, uliyosema mbovu. Haikuwa mbovu. Kosa ni langu. Uliitupa?"

"Sijaitupa. Nimeitundika juani, uani, natishia kunguru wasile mbegu."

"Ishushe basi, niletee, naitengeneza bure."

Nyuma yangu mashine inashona jina la thelathini, Bi Kuruthumu anaimba kwa sauti ya chini.

"Hapana, Mangi," akasema Kasmir. "Nimejaribu na diski za watu wengine, kunguru wanazikalia. Hii yako ndiyo inayotingishika vizuri. Iache."